Bibi alikataa kaniki

Bibi yangu alikuwa na picha moja tu, ile ya kwenye kitambulisho, ndogo kama ukucha wa dole gumba. Humo amekodoa macho kama mtu aliyeamshwa usingizini. Amezaliwa Newala, amelea watoto saba na wajukuu ambao hata mjomba akianza kuwahesabu hupotea njiani, na bado mtu akiomba kuiona sura yake anaonyeshwa kadi ya plastiki. Jambo hilo lilikuwa linaniuma. Juni mwaka jana, shule zilipofunga, nikasema basi, safari hii napanda na mpiga picha.

Nilidhani kazi itakuwa kutafuta nauli na malipo ya kamera. Hivyo vilipatikana. Kazi ilikuwa nguo.

Nianze na yangu. Nafundisha historia sekondari hapa Mtwara mjini. Mwezi mmoja kabla ya safari ya Newala niliombwa picha rasmi kwa ajili ya mkutano wa walimu uliokuwa ufanyike Dodoma, picha ya kuwekwa kwenye ratiba juu ya jina langu. Nikanunua shati jipya, jeupe, lenye mistari ya bluu myembamba kama uzi wa cherehani. Nikalipiga pasi mara mbili. Nikaingia studio nikiwa na uhakika wa mambo yangu.

Mpiga picha, kijana mtulivu sana, aliniamkia kisha akaniangalia shati badala ya uso. "Mwalimu, hukuja na nguo nyingine?"

Nikamwambia sikuja nayo. Akapiga hivyo hivyo, halafu akaniita nitazame kwenye kompyuta. Shati langu lilikuwa linacheza. Pale kifuani palikuwa na mawimbi ya rangi, zambarau na kijani, yanayosogea kila alipoikuza au kuipunguza picha. Na juu ya shati hilo linalometa, uso wangu ulikuwa kivuli. Macho yalionekana kwa shida.

Nilidhani kamera ni mbovu. Akaniuliza kama nimewahi kuona vyandarua viwili vikining'inia kimoja mbele ya kingine. Kila mtu wa pwani amewahi. Ukitingisha kimoja, unaona mawimbi ambayo hayamo katika chandarua cha kwanza wala cha pili. Yanazaliwa pale matundu ya huku yanapokutana na matundu ya kule. Basi ndani ya kamera kuna kijibati kinachopokea mwanga, na kimejaa vidoa vidogo mno vilivyopangwa safu kwa safu. Hicho ndicho chandarua cha kwanza. Shati lenye mistari myembamba iliyobanana ndicho cha pili. Mistari minene haina shida, wala maua makubwa. Taabu iko kwenye vile vimistari na vijidrafti ambavyo kwa macho ya kawaida ndivyo vinaonekana vya kiofisi.

Habari ya uso kuwa giza ni nyingine, na hiyo ndiyo ninayotaka watu wenye rangi kama yangu waisikie. Kamera haijui lipi shati, upi uso. Inapima mwanga wote ulio mbele yake na kujaribu kuufikisha kwenye wastani, kijivu cha katikati. Ukiijazia nyeupe, inaona mwanga umezidi, inapunguza. Shati linatoka safi, uso unazama. Ukiijazia nyeusi inafanya kinyume chake: inaongeza mwanga, na ngozi inapauka kama iliyopakwa jivu. Mpiga picha anayejua kazi hurekebisha, lakini ukivaa rangi ya katikati iliyokoza kidogo, bluu ya bahari, damu ya mzee, kijani cha jani la mkorosho, unakuwa umemsaidia nusu ya kazi. Nilirudi kesho yake na blauzi ya bluu isiyo na mapambo. Dakika kumi tukamaliza. Picha ilikuwa nzuri na sina zaidi la kusema juu yake.

Ila lile la uso kuzama lilibaki kichwani, maana lina historia, na historia ndiyo ugali wangu. Kwa miaka mingi wakati wa filamu za rangi, kampuni ya Kodak ilikuwa ikiwapelekea wasafisha picha kadi ya kulinganishia rangi. Kwenye kadi kulikuwa na mwanamke Mzungu, na kadi zenyewe zikaitwa "Shirley", kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa. Rangi ya ngozi yake ikitoka vizuri, basi mashine iko sawa. Sisi wengine tulitoka kama tulivyotoka, meno na macho. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameandika kwamba miongoni mwa malalamiko yaliyoisukuma Kodak kurekebisha filamu zake yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi za kahawia za bidhaa zao zionekane. Nilipolisoma hilo niliweka kitabu chini. Inasimuliwa pia kwamba Jean-Luc Godard, mwongozaji filamu, alipokuwa Msumbiji miaka ya 1970, alikataa kutumia filamu ya Kodak kwa sababu hiyo hiyo. Msumbiji ni hapo tu. Ukisimama Newala pale Shimo la Mungu, bonde lote la Ruvuma liko chini yako na ng'ambo ni wao.

Kwa hiyo nilipanda Newala nikiwa na elimu yangu mpya na begi la nguo.

Mama mdogo alikuwa ameshanitangulia. Alikuwa amenunua sare, kitenge kimoja kwa ukoo mzima, maua ya njano makubwa kama sahani juu ya ardhi nyekundu. Watu kumi na wanne, kitenge kimoja. Najua sare inavyopendwa kwetu, na kwenye harusi naivaa kwa furaha, kwa sababu harusini watu wanatembea, wanacheza, wanatawanyika, na sare inakuonyesha nani ni wa upande gani. Kwenye picha watu wamesimama bega kwa bega. Nguo zinaungana zinakuwa ukuta mmoja wa maua, na vichwa vinaelea juu yake. Huoni tena mkono wa nani uko begani kwa nani, na mimi katika picha za familia mikono ndiyo naitafuta kwanza. Tulizungumza sana, kwa adabu, maana ni mama yangu. Mwisho tukakubaliana kitenge kitumike kwa vilemba vya wanawake na mashati ya watoto wadogo, wengine wavae nguo zao za rangi zinazokaribiana na ile nyekundu: kahawia, damu ya mzee, udongo. Aliona nimemvunjia mpango wake. Ilimchukua mpaka jioni kunisamehe.

Mjomba alivaa suti. Ilikuwa ya mtumba, nzuri kweli, kijivu, ila ilishonewa mtu mnene kuliko yeye na mabega yalimwagika. Mpiga picha hakusema neno. Alizunguka nyuma yake akiwa na vibanio vya kuanikia nguo, akakusanya kitambaa cha ziada mgongoni, akabana hapa na pale, vibanio sita. Kwa mbele mjomba akawa amekaa kama waziri. Aliagizwa tu asigeuke. Nimeuona ujanja huo, na tangu siku hiyo siogopi tena nguo iliyonipwaya, bora picha iwe ya mbele.

Kulikuwa pia na suala la jina la kanga. Wifi wa mama mdogo alijifunga kanga mpya, na mpiga picha alipokuwa anapanga watu nikasoma pale chini ya mji wa kanga, ile sehemu ya katikati, karibu na pindo: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye." Tukatazamana na mama mdogo. Sokoni neno kama hilo linapita na mvaaji, aliyelengwa anasikia, ambaye hakulengwa haoni kitu, na kesho unavaa nyingine. Kwenye picha linabaki ukutani. Miaka 30 ijayo wajukuu watauliza, bibi huyu alikuwa anamwambia nani? Kanga ni nguo inayosema, na mbele ya kamera inasema bila kunyamaza. Mama mdogo alimpelekea nyingine, "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu," bila maelezo, na ile ya kwanza ikarudi sandukuni. (Simu nazo, kamera ya mbele, mara nyingine hugeuza maandishi yakasomeka kinyume kama kwenye kioo. Ukijipiga mwenyewe na kanga yenye jina, angalia hilo kabla hujatuma.)

Haya yote yalikuwa mepesi. Nakuja kwa bibi.

Bibi ana nembo usoni. Ni chale za Kimakonde, mistari iliyochanjwa mashavuni na kwenye paji la uso alipokuwa msichana, ikatiwa dawa nyeusi ili ibaki. Imebaki. Kwenye mdomo wa juu lipo tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha kupambia mdomo. Ndonya yenyewe aliitoa zamani. Wanawake wenye uso kama huo wamekuwa wachache, na wengi waliobaki ni wa umri wake, zaidi ya miaka 80. Niliwaza hivi: uso huu una mistari yake tayari. Nguo yenye mistari au vidoa karibu na mashavu itapigana nao. Anahitaji kitu cha rangi moja, kilichokoza, kisichometa. Na kitu hicho ninacho. Nilikuwa nimenunua Mtwara kaniki mpya, ile nguo ya pamba ya bluu iliyokoza, nikaifua mara mbili iondoke ugumu wa wanga, nikaikunjua isiwe na alama za mikunjo. Kwa hesabu zote za kamera ilikuwa nguo sahihi.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka, sweta juu ya kanga, maana Juni Newala ni baridi ya kweli. Nikamwamkia, nikamfunulia.

"Nimekuletea nguo ya picha, bibi."

Aliishika ncha ya kitambaa, akaisugua kwa dole gumba na cha shahada, taratibu, kama anayepima unga. Kisha akaiweka chini upande wangu wa mkeka.

"Mke mwenzangu," akasema, hivyo ndivyo anavyoniita, "hii nimelimia. Hii nimebebea kuni. Mama yangu alikuwa nayo moja, hiyo hiyo usiku na mchana. Leo naitiwa mtu wa picha kutoka Mtwara, na wewe unataka nitoke nayo?"

Nikaanza kumweleza kuhusu rangi na mwanga. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama huyo mtu wa picha atakuwepo ukutani kuwaeleza wageni habari za mwanga.

Sikuwa na jibu, na niliona aibu ambayo bado ninayo. Kwa sababu jambo hili nalifundisha. Kila mwaka nawaambia wanafunzi kwamba katika karne ya 19 hapa pwani, kaniki ilikuwa nguo ya wanawake maskini na wanawake watumwa. Nawaambia Mikindani, mwendo mfupi tu kutoka darasani kwetu, ilikuwa moja ya bandari za biashara hiyo. Nawaambia utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, siyo zamani kama wanavyodhani, na kwamba kanga zilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, wanawake waliotoka utumwani walizikimbilia, kwa sababu rangi zile na mapindo yale yalimwambia kila apitaye kwamba mvaaji ni mtu huru anayejinunulia nguo yake. Nawaandikia ubaoni. Wananakili. Na mimi, mwalimu wao, nikapanda gari la Newala nikiwa nimembebea bibi yangu kaniki kwa sababu haimetimeti.

Alinituma sanduku lake. Chini kabisa, ndani ya kitambaa kilichofukizwa udi, kulikuwa na doti ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, imekunjwa kwa umbo ambalo nadhani ilikuwa nalo kwa miaka. Hakina jina kile chake; visutu vya zamani havisemi kwa herufi. Babu ndiye aliyemnunulia baada ya mauzo mazuri ya korosho, na alishakivaa kwenye harusi za watoto wake wa kike wote. Nikakitazama kwa jicho la kamera na moyo ukaanguka. Kisutu ni vidoa vidogo vidogo vilivyobanana kutoka pindo hadi pindo. Ni kila kitu nilichoambiwa nikiepuke. Na alikuwa anataka vipande vyote viwili, kimoja kifuani, kimoja kichwani kikishuka mabegani, yaani kikizunguka uso ule wenye nembo pande zote.

Nikamwendea mpiga picha uani nikamwambia tatizo. Alicheka kidogo, akasema, "Mwalimu, nguo siyo yako. Niachie mimi mwanga."

Akasubiri. Saa sita mchana hakupiga hata moja, ingawa watu walishavaa na kulalamika. Juni jua letu halipandi hadi utosini kama linavyofanya Oktoba na Februari, lakini bado saa sita linatia weusi chini ya nyusi. Kufika saa kumi alimtoa bibi nje, akamketisha kwenye kigoda ndani ya mlango wa jiko la uani, si nje kabisa wala si ndani kabisa, jua likija kutoka kushoto kwake. Akasogea karibu, akamwomba ageuze kidevu kidogo. Akanionyesha.

Kile kisutu cha kichwani kilikuwa kimeingia kwenye kivuli cha mlango. Vidoa vyake vilikuwepo, unavijua ni kisutu, lakini vimepoa, vimerudi nyuma kama watu wanaopisha. Mbele yao ulikuwa uso. Mwanga wa ubavuni ulipita juu ya shavu na kila mstari wa nembo ukawa na upande wake wa nuru na upande wake wa giza, kama matuta ya shamba asubuhi. Sikuwahi kuona, miaka yote ninayomjua, kwamba mistari ya shavu la kushoto imesukwa kufuata ule wa paji. Ilikuwa kazi ya fundi. Mtu aliichora kwa mkono na kwa mpango, kabla sijazaliwa, na ilibidi jua la saa kumi linionyeshe.

Jambo moja nililolipigania nami ni kwamba asilainishwe. Siku hizi kuna programu zinazosafisha ngozi zenyewe bila kuulizwa, na mashine haitofautishi chunusi na nembo. Mpiga picha alinielewa, lakini akafanya vizuri zaidi yangu: akamwuliza mwenyewe. "Bibi, hizi chale nizipunguze au niziache?" Bibi akamtazama kama mtoto aliyeuliza kama aondoe pua.

"Uliziweka wewe?"

Akaziacha.

Sasa hivi watu wananiuliza sana, walimu wenzangu hasa, wavae nini wakienda kupigwa. Nawaambia ninayoyajua. Usivae vimistari. Usivae kijani kinachong'aa kama utasimama juani, kitakupaka kijani chini ya kidevu. Ukienda ufukweni Shangani wakati wa kusi, acha dera nyumbani, litajaa upepo uonekane kama tanga. Lakini mchanga wenyewe ni rafiki, unarudisha mwanga juu na kuondoa vivuli vya shingoni. Jaribu nguo ukiwa umeketi, siyo kwenye kioo cha kusimama tu. Lakini siku hizi kabla ya yote hayo nauliza: nguo hiyo umeivaa lini, na nani alikuwepo? Anayejibu haraka, namwambia avae hiyo hiyo, na atafute mpiga picha mvumilivu.

Desemba nilimpelekea picha. Nilikuwa nimeisafisha kubwa, na fundi seremala wa hapa mjini akaitengenezea fremu ya mkongo. Mjomba aliishika juu ili watu waone, akina mama wakapiga vigelegele, mtoto mmoja akagusa kioo pale shavuni akaangalia kidole chake. Bibi akaomba apewe. Aliiweka mapajani, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akakaa nayo kimya muda mrefu. Nilikuwa nangoja aseme kitu juu ya uso.

Akaweka kidole pale begani, kwenye pindo.

"Hapa pamekunjana," akasema. "Ulikuwa umesimama hapo hapo, mke mwenzangu. Ungenivuta kidogo."

Nikainama kuangalia. Ni kweli, pamekunjana.